Chuma hakina baridi yake: jionee nyumbani kwa sufuria, ubao na barafu

Hapa Kapchorwa, Uganda, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, asubuhi za Julai mtu akishika komeo la chuma huvuta mkono haraka kama aliyechomwa. Kazi yangu ni kutengeneza milango na madirisha, ya chuma na ya mbao, na wateja huniambia neno lile lile: "Fundi, chumba cha watoto niwekee mlango wa mbao, chuma kina baridi." Nimelisikia kwa wazee na kwa walimu, na hata mafundi wenzangu husema hivyo. Mimi mwenyewe nililiamini mpaka binti yangu aliponiuliza: "Baba, hiyo baridi chuma kinaitoa wapi, na mbona haikiishii?"

Sikuwa na jibu. Tukaingia kazini likizo nzima kwa vitu vya nyumbani. Ninayoyaandika hapa ndiyo njia tuliyopita, nikiwa nimeondoa makosa tuliyoyafanya ili wewe usiyarudie. Unahitaji usiku mmoja na asubuhi mbili tatu. Ukiwa na watoto, wape wao kazi ya kugusa na kuandika.

Vitu vya kutafuta

Sufuria nzito ya alumini, kijiko cha stenlesi, jiwe lililo bapa au tofali, ubao wa kukatia nyama, blanketi la sufi, na kipande cha lile povu jeupe gumu linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Sisi tuliongeza kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kwa sababu kilikuwepo. Ongeza karatasi ya foili. Barafu utaipata kwa yeyote mwenye friji anayeuza soda. Vitu vyote viwe vikavu kabisa. Ubao ulioshwa jioni utakudanganya asubuhi.

Hatua ya 1: Vilaze vyote chumba kimoja

Vipange juu ya meza usiku kucha. Meza iwe mbali na ukuta, dirisha na sigiri, na jua la asubuhi lisiifikie. Visigusane. Lengo ni vyote vipate muda wa kulingana na hewa ya chumba, na jiwe au tofali huchelewa kuliko kijiko, kwa hiyo saa moja haitoshi.

Usitumie mlango wa chuma kwenye jaribio hili. Sisi tulianza nao, tukachanganyikiwa siku mbili. Mlango una uso mmoja ndani na mwingine nje kwenye umande, kwa hiyo kweli huwa na baridi kuliko meza iliyo katikati ya chumba. Nitaurudia mwishoni, maana hapo wateja wangu wana nusu ya haki.

Hatua ya 2: Gusa ukiwa umefungwa macho

Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, mfunge mwenzako macho kwa leso. Aweke kiganja chote juu ya kitu kimoja kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, aseme ni baridi kiasi gani, kisha aweke mkono kwapani dakika mbili kabla ya kugusa kingine. Usiruke hiyo ya kwapani, kwa sababu mkono uliotoka kwenye sufuria huwa umepoa, na huo hauwezi kuuhukumu ubao kwa haki.

Kwetu mpangilio ulikuwa huu, kutoka baridi zaidi: sufuria na kijiko, ambavyo binti yangu alishindwa kuvitofautisha, kisha jiwe, ubao, lubugo, blanketi. Povu alisema lina joto. Alisema kabisa, "Hili mmeliweka juani."

Hatua ya 3: Pima

Hapa wengi hukwama kwa sababu ya kipimajoto. Kile cha homa hakifai, kwa kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mwili na vingi havisomi chini ya nyuzi 32. Tafuta cha kupimia hewa ya chumba, kama kile cha ukutani kwa wafugaji wa kuku. Kilaze juu ya kitu, kifunike kwa kitambaa kikavu, subiri dakika kumi, soma, kisha nenda kwenye kitu kingine.

Ukiwa na ile bastola ya kupimia joto kwa mbali tuliyoizoea wakati wa korona, hakikisha ni ya kupimia vitu, kwa kuwa ya kupimia paji la uso haisomi baridi ya kiasi hicho. Tena chuma kinachong'aa huidanganya: huakisi mionzi ya joto ya vitu vya jirani, hata ya uso wako wewe unayepima. Bandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme juu ya sufuria, ukiache kitulie kidogo, kisha pima juu ya utepe.

Kwetu ilikuwa nyuzi 16. Sufuria 16, ubao 16, blanketi 16, povu 16. Binti yangu alipima mara ya pili, akanitazama, akapima mara ya tatu.

Jambo hili liliwahi kumshangaza Benjamin Franklin, yule Mmarekani anayejulikana kwa majaribio ya umeme. Aprili 1757 alimwandikia daktari John Lining kwamba meza anayoandikia na kufuli la meza hiyo viko kwenye hewa moja na vina joto sawa, lakini akiweka mkono kwenye mbao kisha kwenye chuma, chuma kinaonekana baridi zaidi. Akaeleza kuwa chuma hupokea na kupitisha haraka moto uliomo mwilini. Alikuwa amelipata.

Mkono wako unapima nini basi?

Ngozi ya kiganja ina joto la kama nyuzi 33. Chumba kina 16. Joto hutoka lilipo jingi kwenda lilipo kidogo, kwa hiyo unapogusa sufuria hakuna baridi inayokuingia: kuna joto linalokutoka. Ngozi inapoa. Mishipa ya fahamu iliyo ndani yake haina njia ya kujua joto la sufuria, inajua joto la ngozi yenyewe na kasi inayopoa nayo. Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso, na kile cha baridi walikipata, kila mmoja kwa njia yake, kwa kutumia mentoli, ile dawa ya kwenye minti. Kipokezi kile kile kinachoamshwa na baridi huamshwa pia na mentoli. Ndiyo sababu dawa ya meno ya minti huacha mdomo ukihisi baridi ilhali haujapoa hata nyuzi moja.

Sasa, kwa nini sufuria inyonye joto haraka kuliko ubao? Kuna mambo mawili, na wengi hutaja la kwanza tu.

La kwanza ni upitishaji. Ndani ya metali kuna elektroni zinazozunguka huru, na hizo hubeba joto kama wapagazi wasiochoka, kutoka pale kiganja kilipogusa mpaka pembeni mwa sufuria. Wanafizikia huupima upitishaji huo kwa wati kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Alumini ina takriban 237, chuma cha kawaida nilichozoea kuchomelea takriban 50, stenlesi 15 tu. Kioo kina 1. Mbao iko kati ya 0.1 na 0.2, na hewa iliyotulia 0.025. Yaani alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Kwenye mbao, sufi, lubugo na povu, kinachozuia joto hasa ni hewa iliyonaswa kwenye vishimo vidogo, isiyopata nafasi ya kutembea.

La pili ni kiasi cha joto ambacho kitu hukihitaji ili kipate moto pale ulipokigusa. Povu ni jepesi na karibu lote ni hewa, kwa hiyo joto kidogo la kiganja hulifikisha kwenye joto la ngozi mara moja, na likishafika hapo halivuti tena. Chuma ni kizito, nacho hudai joto jingi. Mambo haya mawili yakizidishwa pamoja ndiyo yanayoamua hisia ya mguso wa kwanza. Kwa hesabu, mkono wa nyuzi 33 ukigusa vitu vya nyuzi 16, pale ngozi na kitu vinapokutana joto hushuka mpaka karibu 17 kwa alumini, karibu 23 kwa simiti, karibu 29 kwa mbao, na kwa povu hubaki juu ya 32. Hesabu hiyo ndiyo iliyonieleza kwa nini binti yangu hakutofautisha kijiko na sufuria. Stenlesi hupitisha joto chini ya sehemu moja ya kumi ya alumini, lakini mguso wa kwanza huishia kwenye nyuzi 17 au 18, na mkono hautambui tofauti ndogo hivyo.

Hatua ya 4: Barafu mbili

Kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hili. Pindua sufuria kitako kiwe juu. Weka ubao kando yake. Chukua vipande viwili vya barafu vinavyolingana, lakini kabla ya kuviweka waulize waliopo: kipi kitayeyuka kwanza? Nimeuliza watu wengi kibandani kwangu, na karibu wote wanasema cha ubaoni, kwa sababu sufuria ni baridi, itaitunza barafu.

Viweke pamoja. Ndani ya dakika moja utaona cha sufuria kinateleza juu ya maji yake, huku cha ubaoni kikiwa bado kimekaa na kona zake. Futa maji yasilete ubishi. Cha sufuria kitakwisha mbele ya macho yenu, na cha ubaoni utakisubiri sana.

Kwa barafu iliyo sifuri, sufuria ya nyuzi 16 ni moto. Alumini hukusanya joto kutoka sufuria nzima na kulimwaga kwa wingi pale barafu ilipokaa. Ubao nao una joto hilo hilo, lakini ni mchoyo: ukishatoa la juu, la chini halipandi kirahisi. Kwa hiyo kile kitu ulichokiita baridi ndicho kilichoyeyusha barafu haraka. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia niirudie, akaileta barafu yake mwenyewe. Nikairudia.

Hatua ya 5: Foili

Gusa karatasi moja ya foili iliyowekwa juu ya blanketi. Ni alumini ile ile ya sufuria, lakini baridi yake hudumu nukta moja kisha hutoweka. Ni nyembamba mno. Joto la kidole huijaza mara moja, na chini yake kuna blanketi lisilopokea. Sasa ibandike vizuri juu ya kitako cha sufuria, uigandamize, uguse tena. Baridi imerudi. Kwa hiyo usiulize tu kitu kimetengenezwa kwa nini, uliza pia ni kinene kiasi gani na kimelalia nini.

Hatua ya 6: Mabeseni matatu

Hili ni la zamani, mwanafalsafa John Locke wa Uingereza aliandika habari zake mwaka 1690. Maji ya baridi kushoto, ya vuguvugu la kuvumilika kulia, ya kawaida katikati. Mkono mmoja kila pembeni kwa dakika mbili, kisha yote miwili katikati. Mkono mmoja utasema ni ya moto, mwingine utasema ni ya baridi, na beseni ni moja.

Hatua ya 7: Barafu ndani ya blanketi

Funga kipande kimoja cha barafu ndani ya blanketi, kingine kiache wazi kwenye sahani. Watoto wote, na wazazi wengi, watasema cha blanketini kitaisha kwanza kwa kuwa blanketi lina joto. Fungua baada ya nusu saa. Blanketi halina joto lake, kama vile chuma hakina baridi yake. Linazuia njia tu, na halibagui: usiku linazuia joto lako lisitoke, hapa limezuia joto la chumba lisiifikie barafu. Mama aliyefunga sufuria ya maharage yaliyochemka ndani ya kapu lililojazwa majani makavu ya ndizi anafanya jambo hilo hilo, na maharage huendelea kuiva bila makaa.

Geuza upande wa joto pia

Kitu kikifika nyuzi 33 kama ngozi, chuma na mbao huhisiwa sawa. Kikizidi hapo, chuma ndicho kinachoonekana cha moto zaidi, kwa sababu sasa joto linaingia mkononi kwa kasi ile ile iliyokuwa ikitoka. Simamisha kijiko cha alumini, cha stenlesi na mwiko wa mbao kwenye kikombe cha maji ya moto, ukiwa umepaka siagi kidogo kwenye mipini kwa urefu ulio sawa. Siagi ya alumini itateleza kwanza. Ile ya mwiko huenda isiteleze kabisa. Mwonye mtoto asishike kijiko cha alumini. Mabati ya juani usiyaweke kwenye jaribio hili: jua huyapasha yakawa moto kweli kuliko hewa, hiyo si hisia ya mkono.

Kazi ya maarifa haya

Ninaloliweka mbele ya yote ni mtoto mchanga. Huzaliwa akiwa amelowa, na maji hupitisha joto kama mara 24 kuliko hewa tuli, tena yakikauka hubeba joto jingine. Joto la kichanga linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, chini ya hapo tayari amepoa kupita kiasi. Kwa hiyo: mkaushe mara moja, kitambaa kilicholowa kiondolewe kisibaki mgongoni, alazwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama na wafunikwe wote wawili. Kuoga kusubiri angalau saa 24, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Mizani ya chuma ya kupimia uzito itandikwe kitambaa kikavu, kisha uzito wa kitambaa uondolewe. Mwanangu wa mwisho alipozaliwa, mkunga alikunja kitenge akakiweka kwenye mizani kabla hatujamwomba, na sikuelewa thamani ya kitendo kile mpaka baada ya barafu mbili. Hiyo ya kubeba mtoto kifuani kama kangaruu ilianzishwa na madaktari wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wakati mashine za kutunzia watoto njiti zilipokuwa hazitoshi. Ngozi ya mama ina joto, na hailinyonyi la mtoto.

Kwa wanaolala sakafuni, simiti hunyonya usiku kucha. Mwenye blanketi mbili na mkeka, moja aitandike chini. Lakini mwili ukilalia blanketi huibana na hewa hutoka, ndiyo maana kitu kisichobonyea kirahisi ni bora zaidi hapo: maboksi yaliyokunjuliwa matabaka manne matano, au nyasi kavu za kutosha ndani ya gunia. Mkeka wa plastiki uwe chini kabisa kuzuia unyevu. Asubuhi vyote vianikwe, kwa sababu boksi lenye unyevu halizuii joto vizuri.

Na mlango. Chuma cha mlango hakitengenezi baridi, ila bati la milimita moja na nusu ni daraja fupi mno kati ya chumba chenye joto na ukungu wa nje, na joto la chumba huvuka hapo. Kabla ya kubadilisha mlango, ziba kwanza mwanya wa chini na pembeni kwa kipande cha mpira, maana upepo unaopita hapo huweza kuchukua joto jingi kuliko bati lenyewe. Kisha, kwa ndani, piga fremu ya mbao ya inchi moja na ufunike kwa ubao mwembamba, ukiacha hewa katikati isiyo na pa kutokea. Toboa matundu madogo ya maji kwenye chuma kwa chini, upande wa nje, ili unyevu usiuozeshe ubao. Mteja wangu aliyetaka mlango wa mbao kwa ajili ya watoto sasa ana wa chuma wenye ubao ndani, na komeo lake nimelizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli.